Uzi maalumu: Ndugu waliokwama ufalme wa vichimbakazi, hatari inajengwaje mpaka ishike?

Mlezi wa Ngano (#1)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandika hadithi za watoto wa tumbo moja wanaovuka kwenda ufalme wa vichimbakazi (wale viumbe wa ngano ambao Waingereza huwaita fairies) na kupatwa na makubwa huko. Maswali ni yale yale: wale nini, wajilinde na nini, warudije. Naweka mifupa, nyama tutaongeza pamoja.

Tuanze kwa kutofautisha. Ufalme huu si pori la zimwi. Zimwi linakula mtu kwa sababu lina njaa, ukilishinda mbio umepona. Kichimbakazi hakukimbizi, anakukaribisha. Ana sharti lake, na ukilivunja wewe ni wake kihalali, kama mdaiwa aliyeshindwa kulipa. Hadithi nyingi za aina hii zinapwaya hapo hapo: panga lipo, moto upo, joka lipo, sharti hakuna. Msomaji anabaki kutazama ugomvi.

Ngano ya kuisoma kwa makini ni ya Childe Rowland, ya Uingereza na Uskoti. Robert Jamieson aliichapisha mwaka 1814, Joseph Jacobs akaisimulia upya mwaka 1890, na Shakespeare ameigusa kwa mistari michache ndani ya tamthilia ya King Lear. Wavulana watatu na dada yao Burd Ellen wanacheza mpira karibu na kanisa. Rowland, mdogo wa wale wavulana, anaupiga ukapita juu ya paa. Ellen anaukimbilia kwa kulizunguka kanisa kinyume na mwendo wa jua, na hapo hapo anatoweka. Mfalme wa Elfland, yaani nchi ya vichimbakazi, kamchukua. Kaka mkubwa anakwenda kwa mchawi Merlin kuulizia njia, anaondoka, harudi. Wa pili vilevile. Rowland anaondoka na upanga wa baba yake na masharti mawili, la kutenda na la kutotenda. La kutenda: yeyote atakayemsemesha kule kabla hajamwona dada yake, amkate kichwa. La kutotenda: asile hata tonge, asinywe hata tone.

Sasa litazameni bakuli. Rowland amemfikia dada yake ukumbini, hoi, njaa inamuuma, anasahau sharti na kumwomba chakula. Ellen anajua kitakachotokea, lakini uchawi umemfunga ulimi. Anamtazama kwa huzuni, anatikisa kichwa, kisha anatoka na kurudi na mkate na maziwa kwenye bakuli la dhahabu. Rowland analinyanyua kuelekea mdomoni. Macho yake yanakutana na ya dada yake, anakumbuka kilichomleta, bakuli linakwenda sakafuni.

Hakuna jitu lililomshika koo. Kilichotaka kumwangamiza kimeletwa na mkono wa mtu yule yule aliyekuja kumwokoa. Ukiandika hadithi ya ndugu bila tukio la namna hii, hao watoto wangeweza kuwa majirani tu na hakuna ambacho kingebadilika.

Wino Mkavu (#2)

Nimeweka kambi. Swali mkuu: masharti mangapi yanatosha? Kuna rasimu zina kumi na mawili, mpaka unahitaji daftari.

Mlezi wa Ngano (#3)

Matatu. La kinywa (usile, usiseme, usitaje jina), la njia (usigeuke nyuma, usiiache njia, usiachie mkono), na la kutoka (kabla ya saa fulani, kwa mlango fulani, kwa malipo fulani). Ukizidisha hapo msomaji anaacha kuhesabu, na asiyehesabu haogopi.

Kila sharti litokee mara tatu: linatajwa, linaponea chupuchupu, linavunjwa au linatimizwa kwa gharama. Kwa hadithi ya maneno 5,000, yote yawe yametajwa kabla ya neno la 700. Sharti linalozuka baada ya nusu ya hadithi ni utapeli, na msomaji mtoto huukamata haraka kuliko mtu mzima.

Kisha gawa. Usimpe kila ndugu sharti linalomfaa, mpe linalomuumiza. Kila mtu humpa mtoto mlafi sharti la kutokula, na kila msomaji anajua litaishaje. Mkubwa aliyezoea kuwajibia wadogo zake mpe sharti la kunyamaza. Mdogo aliyezoea kuangalia kama wenzake wanamfuata mpe la kutogeuka. Mlafi mpe la kutotaja jina, maana atakuwa anakesha na chakula huku adui anamwingilia kwingine.

Mzee wa Rula (#4)

Muda ndipo watu wengi wanapochapia. Kaeni na kikokotoo kabla ya sentensi ya kwanza, chagueni uwiano mmoja, msiuguse tena.

Uwiano mwepesi ni wa Oisín, shujaa wa ngano za Ireland: alidhani amekaa Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele, miaka 3, kumbe huku imepita 300. Moja kwa mia. Saa 1 ya huko ni siku 4 na saa 4 za huku. Siku 30 za huko ni siku 3,000, yaani miaka 8 na miezi miwili na ushee.

Wawekeni ndugu hapo. Mapacha wa miaka 9, mmoja anatoka siku ya kwanza, mwenzake anabaki siku 30. Wakionana tena mmoja bado ana 9, mwingine ana 17. Nani kaka sasa? Nani amwamkie mwenzake? Tukio hilo peke yake linabeba sura nzima bila kichimbakazi kuonekana.

Mkitaka ukali zaidi, tumieni usiku mmoja wa ngoma kwa miaka 7. Usiku wa saa 10 hapo unazaa takriban saa 61,000, kwa hiyo kila dakika ya huko ni siku 4 na robo za huku.

Pembe Tatu (#5)

Mzee wa Rula, kwa uwiano huo wa pili, dada akivuka mlango na kaka akafuata dakika 5 baadaye, wamepishana siku 5 au zaidi?

Mzee wa Rula (#6)

Siku 21. Hata sekunde 10 ni saa 17: anayetangulia atakesha mlangoni peke yake akiamini mwenzake amekufa. Ndiyo maana sharti la kushikana mikono wakati wa kuvuka si pambo, hesabu inalidai. Ukiandika "wakatoka mmoja mmoja mbio mbio", umewatawanya wiki nzima bila kujua.

Nyongeza kwa wanaopenda vitu vidogo. Amua mapema mwili ukiwa nusu ndani nusu nje inakuwaje. Mtoto aliyebanwa mlangoni huku mkono mmoja uko nje kwa dakika 10, mkono ule umeishi siku 42. Kucha za vidole hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, kwa hiyo atauvuta ndani ukiwa na kucha zilizozidi za mwenzake kwa milimita 4. Hakuna haja ya kumweleza msomaji uwiano, mwonyeshe mikono miwili ya mtoto mmoja.

Pembe Tatu (#7)

Hizo kucha nimezikubali.

Sumaku (#8)

Niongelee chuma, maana kinaandikwa ovyo. Imani ya kwamba vichimbakazi hawapatani na chuma ni ya zamani sana kwa Waskoti na Waairishi, lakini waandishi wanampa mtoto "ufunguo wa chuma" bila kuangalia. Funguo nyingi za kufuli ndogo ni za shaba njano. Zipu nyingi ni shaba njano au plastiki. Sufuria jepesi ni alumini. Hivyo vyote, kwa kanuni yenu wenyewe, havifanyi kitu.

Vinavyofanya kazi ni vidogo na mtoto anaweza kuwa navyo: sindano ya kushonea, pini, msumari, mkasi, wembe wa kuchongea penseli. Kipimo rahisi ni sumaku, ila kina mtego. Baadhi ya vyuma visivyoshika kutu, kama vijiko vingi vya mezani, sumaku haivivuti ingawa sehemu kubwa yake ni chuma. Ndugu mjuaji anaweza kukitupa kijiko kwa sababu kimefeli mtihani wa sumaku, kumbe ndicho kingewaokoa. Tukio la bure hilo, chukueni.

Kuna ngano ya mhunzi wa kisiwa cha Islay, Uskoti, iliyokusanywa na J. F. Campbell karne ya 19. Mwanawe kachukuliwa, na yeye anaingia kilimani, ndimo wanamokaa vichimbakazi, na Biblia, jogoo na kisu kirefu. Kisu anakichomeka kizingitini ili mlango usijifunge nyuma yake. Ufundi mzuri, lakini una bei: kisu kilicho mlangoni hakiko kiunoni. Wenye chuma kimoja wachague kurudi au kujilinda. Wakimwacha ndugu mmoja nje aushikilie mlango, rudini kwenye hesabu za Mzee wa Rula. Huyo wa nje atakuwa mtu mzima kabla wenzake hawajamaliza ngazi.

Wino Mkavu (#9)

Mkuu Sumaku, damu ya binadamu ina chuma. Mtoto akijikata kidole si tayari ana silaha?

Sumaku (#10)

Mwili wa mtu mzima una chuma gramu 3 hadi 4 hivi, sehemu kubwa ikiwa kwenye damu, kama uzito wa msumari mdogo. Ukikubali kwamba hicho kinatosha, kichimbakazi hawezi kumgusa binadamu yeyote, kumwiba mtoto wala kucheza naye ngoma. Umebomoa ufalme wote kwa ajili ya tukio moja. Wazo tamu, matokeo mabaya. Likatae.

Mama Chano (#11)

Sharti la kutokula linaandikwa kama jambo la adabu tu, kana kwamba mtoto anakataa biskuti kwa jirani. Lipigieni hesabu.

Binadamu anaweza kukaa bila chakula kwa majuma, bila maji ni siku tatu hivi. Kwa hiyo saa ya hadithi yenu ni kiu, njaa inakuja nyuma sana. Mtoto anahitaji walau lita 1.5 kwa siku. Watoto watatu kwa siku tatu ni lita 13.5, yaani kilo 13.5 za maji peke yake. Mtoto wa kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 3 hadi 4.5 kama atatembea siku nzima. Watatu wote kwa pamoja wanafika kilo 13 na ushee wakijikaza, na hapo hakuna mkate, hakuna blanketi, hakuna kile kisu cha Sumaku. Safari ya siku tatu bila kula cha huko haiwezekani, na msomaji makini atajua.

Njia ni mbili. Fupisha iwe usiku mmoja na mchana wake: chupa moja ya lita moja na nusu kwa kila mtoto, basi. Kisha chupa iwe saa ya ukutani. Kila tukio taja kiwango chake, imejaa, nusu, vidole viwili, matone. Usiandike "walikuwa na kiu" hata mara moja. Au acha siku ziwe tatu, lakini maji yaishe siku ya pili asubuhi na hadithi yenyewe iwe hiyo.

Halafu jibu mapema maswali ambayo watoto watauliza. Mvua ya huko ikikudondokea mdomoni, umekunywa? Umande kwenye nguo ulizokuja nazo ni wa huko au wa kwenu? Maji ya huko yakiwekwa kwenye chupa ya kwenu yanakuwa ya nani? Ushauri wangu: mvua isihesabike kwa sababu hukuipokea kwa hiari, chupa iliyojazwa ihesabike kwa sababu uliinama ukaijaza. Kiini cha sharti ni kupokea. Ukishakijua kiini, majibu mengine yanakuja yenyewe.

Na mezani punguzeni mapambo. Matunda yanayong'aa na keki za ghorofa saba hazimtegi mtu mwenye akili. Rowland aliletewa mkate na maziwa. Kinachomnasa mtoto aliye mbali na nyumbani ni chakula anachokijua, kilichopikwa vile vile anavyopikiwa na mama yake, hata kale kaukoko ka pembeni kapo.

Kunguru Mweupe (#12)

Vipi kuhusu sharti la kutoshukuru? Naliona sana siku hizi. Na mtoto anakataaje chakula bila kusema ahsante?

Mama Chano (#13)

Kwenye ngano zilizotajwa humu halimo. Lililo la zamani na linalokaribiana nalo ni lile la brauni, kichimbakazi wa kazi za nyumbani wa Uskoti na Uingereza: ukimlipa nguo anaondoka asirudi tena. Ukitaka kulitumia la kutoshukuru tumia, ila lihesabu ndani ya yale matatu.

Kukataa: mtoto asiseme "tumeshiba" kama ni uongo, maana mwenyeji atalishika neno hilo. Aseme la kweli lisilo na mlango. "Mikono yetu haijanawa" ni kweli lakini lina mlango, maji yataletwa. "Hatuli" halina.

Mshona Maneno (#14)

Mama Chano kagusa ninapotaka. Vichimbakazi wa ngano nyingi hawasemi uongo waziwazi, wanapindisha. Waandishi wetu wanaazima mafumbo ya lugha nyingine yanayopotea yakihamishwa, wakati Kiswahili kimejaa mitego ya kwake. Mifano ya kutumia moja kwa moja:

"Mtaondoka baada ya saa moja." Muda wa dakika 60, au jua likishachomoza? Na kama ni saa moja ya saa, ya asubuhi au ya jioni? Kwenye ufalme usio na jua, hiyo saa moja haifiki kamwe, na mfalme hajadanganya.

"Mlango utafunguliwa usiku wa Ijumaa." Kwa hesabu ya zamani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi jua likishatua. Ijumaa usiku ni kitu kingine. Watoto wanaofika Ijumaa jioni wamechelewa siku nzima. Huu naupenda kuliko yote kwa sababu bibi yao angeujua, wao hawaujui. Mweke bibi mwanzoni mwa hadithi akirekebisha neno hilo hilo kwa jambo la kawaida kabisa, kisha umsahaulishe msomaji.

"Atakayegusa maji kwanza ataondoka naye." Naye nani? Kiswahili hakitaji kama ni mwanamke au mwanamume, a- inabeba wote. Kwa ndugu wa kike na wa kiume hapa pana hazina. Kila mmoja anasikia ahadi ni yake.

"Ndugu yenu atarudi nyumbani." Ndugu ni wa tumbo moja, ni binamu, ni mtu wa ukoo mzima. Mfalme anaweza kumrudisha babu wa babu yao aliyepotea zamani, na ahadi ikawa imetimia.

Tahadhari: fumbo moja tu kwa hadithi. Mawili yakifuatana msomaji anaanza kuchunguza kila sentensi ya mfalme na mchezo umekwisha. Na fumbo lisomeke kwa sauti. Kama linategemea herufi kubwa au mkato, halifai.

Kuhusu jina lenyewe: kichimbakazi limo kwenye kamusi, ingawa wapo wanaolijua kama kiumbe wa baharini. Ukihofia hilo, mweleze kwa sentensi moja anapotokea, uendelee. Kumwita jini ni kosa zaidi, jini anakuja na kanuni zake nyingine kabisa na msomaji atazidai.

Dira (#15)

Jambo dogo la "kinyume na jua" linalovuruga ramani. Kaskazini ya dunia jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo mwendo wake unafanana na mshale wa saa. Kwenda kinyume ni kulizunguka jengo huku ukuta uko mkono wako wa kushoto. Ellen alikimbia hivyo. Rowland pia aliambiwa akizunguke kilima mara tatu kinyume na jua, kila mzunguko akiuamuru mlango ufunguke.

Kusini kabisa ya dunia mambo yanageuka, jua liko kaskazini na ukuta unakuwa mkono wa kulia. Karibu na Ikweta ni balaa zaidi: sehemu ya mwaka jua la mchana linapita kusini, sehemu nyingine kaskazini. Mlango uliofunguka Desemba kwa kuzunguka hivi, Juni unataka vile. Ndugu wa kwanza alikariri njia, wa pili aliielewa. Kama huutaki usumbufu huo, andika "mkono wa kushoto ukigusa ukuta" na uachane na jua.

Robert Kirk, mchungaji wa Aberfoyle huko Uskoti mwishoni mwa karne ya 17, aliandika kwamba viumbe hawa huhama makao kila robo ya mwaka. Ukiunganisha na hilo, mlango una siku 90 hivi. Baada ya hapo kilima ni kilima tu, chimba unavyotaka.

Wino Mkavu (#16)

Mnaniua. Sasa kilele. Mkishamkataza mtoto kupigana, kilele kitakuwa nini?

Mlezi wa Ngano (#17)

Kushikilia. Chukua utenzi wa Uskoti wa Tam Lin, namba 39 katika mkusanyo wa Francis James Child wenye tenzi 305. Kila miaka 7 vichimbakazi wanalipa zaka kuzimu, na Tam Lin, binadamu waliyemteka, anahofia zamu hii zaka ni yeye. Mpenzi wake Janet anawavizia njia panda usiku wa Halloween, anauacha farasi mweusi upite, anauacha wa kahawia, anamvuta mpanda farasi mweupe na kumkumbatia. Wanamgeuza mikononi mwake: nyoka, dubu, simba, chuma chekundu cha moto, kaa la moto. Matoleo yanatofautiana kwa orodha, kazi ni moja, asimwachie. Mwisho anamtupa kisimani na kumfunika kwa joho lake la kijani.

Wale ni wapenzi, lakini kwa ndugu tukio hili linafanya kazi vizuri zaidi ukilijenga upya. Mabadiliko manne yanatosha, na kila moja lishambulie sababu tofauti ya kuachia. La kwanza kinyaa, kitu chenye utelezi. La pili hofu, kitu chenye meno. La tatu maumivu, kitu cha moto. Wengi wanaishia hapo. La nne liwe huruma: ageuke mtoto mchanga anayelia kwamba anabanwa, anaumia, mwachie. Au ageuke dada mkubwa mwenyewe akiwa mdogo. Mtoto aliyevumilia moto anaweza kuachia kwa kilio.

Kosa la kawaida ni kukimbiza orodha. "Akawa nyoka, akawa simba, akawa moto" ni mstari mmoja wa utenzi, hautoshi kwa nathari. Kila badiliko lipe maneno 80 hadi 120, na uandike mikono tu: ngozi, uzito, joto, vidole viko wapi. Ukiandika sura ya simba umemtoa msomaji mikononi na kumpeleka sinema.

Kunguru Mweupe (#18)

Na gharama ya kurudi? Wote wakirudi salama inakuwa rahisi mno, mmoja akifa inakuwa nzito mno kwa watoto.

Mshona Maneno (#19)

Gharama ilingane na upungufu, kwa kipimo kile kile. Tazama ngano ya kaka sita waliogeuzwa mabata maji, namba 49 kwa ndugu Grimm. Dada anatakiwa asiseme wala asicheke miaka 6, na ashone mashati 6 ya maua-nyota. Siku ambayo dada huyo anapelekwa kuchomwa moto, mashati yako tayari, isipokuwa la mwisho halina mkono wa kushoto. Anawarushia, wote wanarudi kuwa watu, na mdogo wao anabaki na bawa mahali pa mkono wa kushoto. Mkono uliokosekana kwenye shati ndio uliokosekana mwilini. Hakuna aliyekufa, na hakuna mtoto anayelisahau lile bawa.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwako. Aliyelamba tone moja la maziwa akose kitu cha ukubwa wa tone. Labda hatasikia tena ladha ya maziwa. Labda jino moja limebaki kule, na usiku linatafuna.

Pembe Tatu (#20)

La mwisho kwangu: mfalme auawe au asiuawe?

Mlezi wa Ngano (#21)

Asiuawe kabla hajarudisha alichochukua, na hili watu wanalisahau wakishapandwa na mori. Rowland alimpiga mfalme mpaka akapiga magoti kuomba aman, akakubali kwa sharti kwamba awaamshe kaka zake na kumwachia Ellen. Mfalme ndiye aliyeleta kichupa cha dawa nyekundu. Aliwapaka masikio, kope, pua, midomo na ncha za vidole, nao wakaamka. Angekatwa kichwa mapema kama wale wachungaji waliomsemesha Rowland njiani, pale ukumbini wangebaki kaka wawili waliolala kama maiti, dada asiyeweza kusema la maana, na mvulana mwenye upanga mzuri.

Kwa hiyo mbakishie mfalme jambo moja ambalo hakuna mwingine anayeweza kulifanya, na watoto wajue hivyo kabla upanga haujanyanyuliwa.

Mama Chano (#22)

Na hiyo dawa nyekundu wasiilambe.